Chanzo?

Sentensi yangu ilikuwa fupi, nikadhani haina shida:
"Wasichana wa kidato cha pili hawaonekani Jumatano."
Ukurasa wa hamsini na mbili, sura ya nne,
tasnifu ya uzamili, uongozi na usimamizi wa elimu.
Dakta Kokuhirwa akachomoa kalamu nyekundu,
akaandika pembeni neno moja na alama yake:
Chanzo?

Nikateremka kilima cha Chimwaga, upepo umenishika gauni,
karatasi nimezikumbatia kama mtoto mwenye homa.
Chanzo kipi tena, Dakta?
Mimi ndiye ninayeita majina asubuhi.
Mimi makamu mkuu wa shule, na mwalimu wa Kiswahili,
na matroni, na mhasibu wa mahindi ya uji;
Ijumaa jioni na Jumamosi kutwa nasoma nadharia za uongozi,
Jumapili nakwea bodaboda kurudi Handali,
vumbi mpaka kwenye kope.
Ada imetoka kwenye zabibu za mume wangu, misimu miwili,
na mwaka ule bei ilipoanguka
mbuzi watatu walisoma kwa niaba yangu.

Darasani tunachora mishale ubaoni.
Maono. Mkakati. Tathmini.
Kiongozi yuko juu, ndani ya kisanduku,
walimu chini yake, wanafunzi chini kabisa.
Mlinzi hana kisanduku.

Mkuu wetu, Mwalimu Ndahani, hachori mishale.
Ana soksi ya kijivu iliyojaa funguo:
stoo, ofisi, maabara isiyo na gesi, choo cha walimu.
Anastaafu Desemba.
Siku moja aliniwekea soksi ile kiganjani nipime uzito,
akacheka,
akaichukua tena.

Jumatano ile sikuita majina.
Nilimuuliza Yeremia, mlinzi; naye hakusema kitu,
alinyoosha kidole kusini.

Saa kumi na moja alfajiri, tochi ya simu,
korongo limekauka tangu Juni,
na pale mchangani, magoti chini, kichwa ndani ya shimo,
Sechelela wangu, wa kwanza darasani kwa insha,
anachota kwa kikombe cha plastiki, anasubiri, anachota.
Maji yanakuja kama mgonjwa anavyovuta pumzi.
Nyuma yake madumu kwenye foleni, na punda wawili.
"Mbukwa, mwalimu," alisema bila kugeuka.
Shimo lina zamu. Kitongoji chao ni Jumatano.
Alinieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni.
Miaka tisa nafundisha hapa.

Nikavua viatu.
Nikajaza dumu moja, mgongo ukanikumbusha umri.

Basi, Dakta, hiki hapa ulichoomba.
Sijui kama kanuni zinaruhusu, lakini nimeandika
jina la ukoo kwanza, kama ulivyotufundisha:
Chilewa, Sechelela. Mazungumzo ya ana kwa ana.
Kina, mkono mmoja na nusu.
Ladha, chumvi kidogo.

Sura ya nne bado sijairekebisha; nilianza na ratiba.
Jumatano kengele ya kwanza sasa inalia saa nne,
tunafidia vipindi jioni, jua likiwa limepoa.
Viti kumi na kimoja vilivyokuwa vitupu
wiki ya tatu vilibaki vitatu.
Wiki ya nne ikaja barua ya afisa elimu, muhuri wa bluu,
inauliza kibali cha kubadilisha ratiba kilitoka wapi,
nijieleze ndani ya siku saba.

Mwalimu Ndahani ameisoma mara mbili, miwani puani.
Ameikunja mara nne.
Ameitumbukiza ndani ya soksi, katikati ya funguo,
akanipa vyote pamoja,
akaenda kuangalia kama uji umeiva.

Desemba bado miezi miwili.